Hadithi ya Kumrudisha Mke Wangu

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wakisikia kwamba hadithi yangu ilisomwa redioni, alasiri, Unguja nzima inasikiliza, huja dukani kwangu wakazungukazunguka baina ya makabati, halafu wananiuliza nani kaniandikia. Hakuna aliyeniandikia. Niliandika mwenyewe, kwa mkono huu huu uliokuwa ukivuta gari la hamali kutoka bandarini Malindi mpaka Darajani, jua la mchana, na gunia juu yake na gunia juu ya gunia. Leo hoteli yoyote ya Mji Mkongwe ikikuonesha samadari ya kweli, kile kitanda cha miguu ya kuchongwa na vioo vya rangi kichwani, jua kimepita mikononi mwangu, na kama hakikupita basi si cha kweli. Wenye hoteli za Nungwi hunipigia simu wao. Mimi sipigi.

Lakini hadithi sikuiandika kwa kutafuta sifa. Sifa ninazo. Niliiandika kwa sababu mke wangu alikuwa kwao Makunduchi na nilitaka arudi.

Hakuondoka kwa ugomvi. Mamake aliumwa, akaenda kumuuguza, na aliyempeleka ni mimi, kwa gari yangu, na godoro jipya la mgonjwa limefungwa juu. Mama yule akauguzwa, akafariki, tukamzika. Kwenye khitma nilichinja ng'ombe mzima, na mkwe wa kuchinja ng'ombe mzima kijijini pale hawajamwona mwengine. Arubaini ikapita. Nikampigia simu mke wangu, "Vipi, nije nikuchukue?" Akasema, "Bado kidogo, kuna mambo ya nyumba ya marehemu." Nikangoja. Masika yakaja yakaisha. Kila nikienda ananipokea vizuri, anapika, tunakula, tunazungumza habari za watu, na mimi narudi mjini peke yangu. Laiti tungekuwa tumegombana. Ugomvi mimi naujua, ugomvi una wazee wa kukaa, una maneno ya kurudishwa, mtu unatoa udhuru mambo yakaisha. Hili halikuwa na pa kulishikia.

Sasa, mke wangu ana kitu kimoja hakikosi duniani, nacho ni hadithi ya redioni ya alasiri. Tangu siku tuna chumba kimoja cha kupanga Ng'ambo na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira, ikifika saa ile hata ukimwambia nyumba inaungua atakwambia ngoja imalizike. Nikaona hapo ndipo. Mimi nikishataka mtu anisikie, namfuata pale pale anapotega sikio. Nitatunga hadithi, itasomwa, ataisikia akiwa Makunduchi, na atajua. Atajua nini, hapo bado nilikuwa sijapafikiria vizuri.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Mkunazini. Zamani alikuwa mtu wa michezo ya redio, akiigiza na akitunga, sauti yake wazee wote wa mji huu wanaijua. Mimi nilimwendea kwa jambo jengine kabisa. Niliambiwa ana samadari ya zamani ghorofani na hana mtoto wa kumrithi.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndo mnunuzi wa vitanda vya maiti?"

"Nanunua na vya wazima."

"Basi utangoja sana. Mie mzima na kitanda nakilalia."

Nikamwomba nikitazame tu. Chumba chenyewe kidogo, kitanda kimekijaza, neti imefungwa fundo juu. Akawa ananieleza kwamba hauzi, kwamba kitanda kile alikikuta kwa bibi yake, kwamba hata aje nani hauzi. Mimi nikakishika mguu mmoja nikakivuta kidogo nisikilize maungio. Bi mkubwa, huku anasema hauzi, akaushika mguu wa pili akanisaidia kuvuta.

"Utaniuzia," nikamwambia.

"Nani kakwambia?"

"Umenisaidia kukisogeza. Asiyeuza husimama mlangoni mikono kiunoni. Na yule anayekwambia 'chukua, chukua, kinanijazia nyumba,' halafu akakaa juu yake, huyo usitoe pesa mfukoni, utapoteza siku yako. Mie niliwahi kumwona mama mmoja Kikwajuni ananitukana, mwizi we, na wakati huo huo anapangusa vumbi la kabati kwa ncha ya kanga. Nikaita hamali palepale."

Bi mkubwa akanitazama, shavu limejaa tambuu. Akaitema kwenye kopo.

"Kumbe wewe mtunzi," akasema, "hujijui tu."

Basi maneno yakanitoka. Nikamweleza habari ya mke wangu na hadithi niliyotaka kuitunga. Hakunionea huruma. Akaniambia niandike nilete, na kwamba malipo yake ni kitu kimoja, kitanda nikiache palepale mpaka siku atakayokuwa hakihitaji tena. Tukapeana mikono.

Niliandika kwa siku kadhaa, dukani, baada ya Adhuhuri wateja wanapopungua. Nikaenda nikamsomea mwenyewe, nimesimama. Ilianza hivi: Palikuwa na mwanamme mmoja mkarimu, mchapakazi, mwenye subira na huruma, aliyempenda mkewe kuliko nafsi yake, na mkewe naye alikuwa mwanamke mwema, mtiifu, mwenye haya...

"Nani kasema?" Bi mkubwa akanikata.

"Kasema nini?"

"Kwamba mkarimu."

"Mimi."

"Na wewe nani humo?"

"Mwandishi."

"Mwandishi hana kauli. Wewe ukienda kununua kitanda, mwenyewe akikwambia huu msaji wa asili, madhubuti, hauliwi na mdudu, unatoa pesa?"

"Natia ukucha chini ya mguu kwanza."

"Na msikilizaji ana ukucha wake. Mpe mguu autie."

Akaichukua karatasi, akapiga mstari juu ya mkarimu, juu ya mchapakazi, juu ya subira na huruma. Akapiga juu ya aliyempenda. Akapiga juu ya mwema na mtiifu na mwenye haya. Kazi ya siku zote zile, yakabaki maneno machache: Palikuwa na mwanamme na mkewe.

"Haya," akasema. "Sasa wafanye kitu."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia, Bi mkubwa, lakini mimi ni mkarimu kweli, muulize mtu yeyote Darajani, muulize imamu. Akasema hajakataa. Akasema, "Mtie huyo mwanamme wako dukani asubuhi. Mkate umebaki mmoja, na nyuma yake pana mtu. Tumwone."

Nikafikiri. Nikasema, "Anauchukua ule mkate. Halafu anampa muuza duka pesa akalete mikate myengine, na mkate wa yule wa nyuma anaulipia yeye."

Alicheka mpaka akazikamata mbavu. "Mkarimu wa kununua," akasema. "Na huyo ni mtu pia. Mwandike huyo huyo, usinibadilishie."

Tangu siku hiyo nikawa kila mtu namtazama anachofanya. Dukani, barazani, msikitini. Mtu anasema ana haraka na anakubali kikombe cha pili cha kahawa. Mtu anasema kamsamehe ndugu yake, na akimwona kwa mbali anahama upande wa njia. Mimi haya nilikuwa nayajua miaka yote kwa wauzaji wa vitanda, ila sikuwahi kuyapeleka kwengine. Nikaona sasa nakwenda Makunduchi kama fundi, na nitamtazama mke wangu kama ninavyoitazama samadari, kiungo kwa kiungo, nipate cha kuandika.

Nikaenda. Nikamkuta barazani kwa mamake amekaa juu ya mkeka, anasuka ukili wa mkeka mwengine, jani juu ya jani. Kajifunga kanga ya manjano, na jina la kanga, nilipopata nafasi ya kulisoma kwa ubavuni, lilikuwa: Sina mwengine ila wewe. Nani asiyejua? Mwanamke wa Unguja akiwa na neno hawezi kukwambia usoni, analivaa. Watu wameachana kwa kanga, watu wamerudiana kwa kanga. Sikumuuliza kitu, nilikula, nikaaga, nikarudi mjini nnaendesha kwa raha, na njia nzima naipanga nyumba, chumba gani nikipake rangi kabla hajaja.

Kesho yake nilikwenda mbio kwa Bi mkubwa. Nikamweleza. Akaniuliza, "Kanga ya nani?"

"Alivaa yeye."

"Sikuuliza nani kavaa."

Nikamwambia asiniharibie. Lakini neno lake likanikaa. Jumapili yake nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, mkulima wa mwani, mtu wa masihara, tukisemeshana basi hatuachi kutaniana.

"Shemeji," nikamwambia, "ile kanga ya manjano ya dadako, nzuri ile, kainunua wapi?"

"Ipi? Ya sina mwengine?" Akaanza kucheka. "Ile yangu mie. Siku ile zake alizifua, ziko kwenye kamba mbichi, akanikopa. Usiniambie ulisoma, shemeji. Mzee mzima."

"Nilitupa jicho tu."

"Basi ile alininunulia mume wangu, na yeye nshamwacha. Ukiitaka nikuuzie, wewe si mnunuzi wa vikuukuu?"

Nikacheka na mie, maana ukikasirika mbele ya shemeji umeshindwa. Nilipompelekea Bi mkubwa habari hii hakunicheka. Alisema, "Kanga nayo msimulizi. Inakwambia. Mie nilitaka utazame mikono. Mikono yake ilikuwa inafanya nini muda wote ule?"

"Inasuka ukili."

"Ulipoingia iliacha?"

Nikafikiri. Nikaona haikuacha.

Sasa nikakaa kuandika kweli. Niliiacha habari ya leo nikarudi nyuma, kwa sababu nyuma ndiko nilikokuwa na vya kuandika. Niliandika miaka ya gari la hamali. Kamba ya gari ilikuwa inapita begani, nami bega langu la kulia lilichubuka mpaka nyama, nikawa nalala ubavu mmoja. Sikumwambia mtu. Mwanamme hodari hasemi bega linamuuma. Asubuhi moja nimeamka nataka kutoka, naiona kamba pale kwenye msumari inapotundikwa, imeshonewa mto mdogo mahali pa bega, kitambaa cha kanga kuukuu, umejazwa sufi, uzi umepitishwa mara mbili mbili. Yeye amekaa kitako anachochea moto wa chai na mgongo kanipa. Hakuniambia kitu. Mimi sikumuuliza. Nikaitia begani nikatoka.

Niliyaandika hayo kama yalivyo. Bi mkubwa alisoma mwenyewe mara hii, kimya, kisha akarudi mwanzo akasoma tena. Hakupiga mstari hata mmoja.

"Endelea," akasema.

"Ndo nikapata duka. Halafu nikajenga."

"Si wewe. Yeye."

"Yeye nilimjengea nyumba, Bi mkubwa. Marumaru kutoka mlangoni mpaka jikoni. Nikamwekea wasichana wa kazi wawili, mmoja jikoni, mmoja wa kufua. Niliapa mwanamke yule hatashika tena ufagio, wala hakuushika."

"Basi anafanya nini kutwa?"

"Amepumzika."

"Kupumzika nako kitendo. Anapumzika wapi? Kiti gani? Anashika nini?"

Niulize kabati gani dukani kwangu lina bawaba iliyolegea, nitakujibu macho nimeyafumba. Niulize mguu gani wa samadari gani umeongezwa baadaye kwa mbao ya mwembe. Nilikaa pale kwenye roshani ya Bi mkubwa, chini watalii wanapita na kofia zao, najaribu kumwona mke wangu katika ukumbi wangu, na nilichokuwa nikikiona ni ukumbi. Mazulia yake. Saa ya ukutani niliyoinunua kwa Mhindi. Makochi yenye mifuniko. Yeye alikuwemo, lazima alikuwemo, miaka yote ile mimi nikirudi namkuta. Lakini mikono yake siioni imeshika nini.

"Kuna redio," nikasema mwisho. "Alikuwa anasikiliza redio."

"Hilo tunalo tayari," Bi mkubwa akasema.

Akaniambia kama sina cha mbele basi hadithi niimalizie palepale, kwenye kamba, mwanamme anatoka na mwanamke anachochea moto. Wasikilizaji wataipenda. Nikasema sawa. Akaongeza, na alikuwa ananyoosha pembe za karatasi zangu kwa kucha, "Lakini huyu uliyemwandika alikuwa msichana. Huyo ndo unayemwita arudi, au unamwita huyu aliyeko Makunduchi sasa?"

"Si mtu mmoja?"

Aliziweka karatasi chini ya mto wake, akaniambia atawapelekea watu wa redio, wapo waliokuwa wanafunzi wake, watamsikiliza.

Na walimsikiliza. Nilipigiwa simu nikaambiwa siku. Sikumwambia mke wangu. Nilitaka nimkute anasikiliza, nimwone uso wake wakati neno linaingia, kwa sababu sasa mimi nilikuwa mtu wa kutazama na nilijiamini. Siku hiyo nilifunga duka mchana, jambo nisilolifanya hata siku ya mvua kubwa. Nikapakia unga na mafuta ya kupikia ndani ya gari iwe sababu ya kufika.

Walikuwepo wawili barazani, yeye na mdogo wake, wanasuka, redio ndogo ipo juu ya kibao baina yao. Shemeji akasema, "Karibu, tajiri. Leo mjini kumefungwa?" Nikasema nimeleta unga. Mke wangu akaniamkia vizuri, akanisogezea kiti cha mbao, akarudi mkekani. Tukasemezana habari za mvua na za bei ya mwani iliyoanguka. Halafu akainua kidole kidogo, na sote tukanyamaza, hadithi imeanza.

Alisoma mwanamme mwenye sauti nzito, anajua kazi. Maneno yangu kwenye sauti ile yalikuwa kama kabati lililopigwa vanishi, nikajivuna moyoni. Nikamkazia macho mke wangu. Mikono yake ilikuwa inakwenda, kulia juu ya kushoto, anageuza, anakaza. Ikafika habari ya bega. Shemeji akasema, "Huyo naye mjinga, si amwambie mkewe linamuuma." Mke wangu akamwashiria anyamaze. Ikafika asubuhi ya kamba na msumari. Jani lililokuwa mkononi mwake likaisha, na mkono ukasimama. Nikasema kimoyomoyo, Mola wangu, ndiyo hii. Akanyoosha mkono pembeni, akachukua jani jengine, akaliunga, akaendelea.

Hadithi ikaisha. Msomaji akataja jina la mtunzi, jina langu kamili na la baba yangu. Shemeji akageuka taratibu.

"Shemeji. Ni wewe huyo?"

"Mie."

"Wacha uwongo."

"Waulize wao."

Shemeji akamtazama dadake. Mke wangu aliipunguza sauti ya redio, nyimbo zilikuwa zimeingia. Akasema, "Haikuwa sufi."

"Nini?"

"Ule mto wa kamba. Haukuwa wa sufi. Sufi sisi tungeipata wapi wakati ule. Yalikuwa makumbi ya nazi. Niliyaponda mwenyewe mpaka yakalainika, ulikuwa kazini." Alisema bila ya ukali, kama mtu anayemrekebisha mtoto aliyekosea aya, na hapo, sitasema uwongo, mimi niliona mlango umefunguka. Anakumbuka. Anakumbuka kuliko mimi. Nikasogeza kiti.

"Basi turudi nyumbani," nikamwambia. "Leo. Gari iko hapo. Vyombo tutavifuata kesho."

Alimgeukia mdogo wake akamwambia kitu kwa Kimakunduchi, haraka, siku hizi baina yao wanasema kikwao tu, na mimi kile kilugha cha upesi hunipita. Zamani akinikasirikia alikuwa ananisema kikwao, nami nikicheka, naye akizidi. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili kizuri cha mjini, kilichonyooka, kama wanachonisemesha wateja wangu wa hoteli.

"Utakunywa chai kwanza," akasema. "Safari ndefu."

Shemeji alikuwa ameshainuka. Nilisikia kabati la ndani linafunguliwa, lile lenye vioo, nililowaletea mimi mwenyewe mwaka niliofungua duka, na vyombo vikigongana taratibu. Mke wangu akaingia, akakaa kidogo, akatoka na sinia. Vikombe vya ukingo wa dhahabu, vya kabatini. Visosi chini yake. Vitumbua vimefunikwa kitambaa cha mshono. Na bakuli la sukari, na kijiko chake ndani, peke yake, pembeni.

Akaniwekea mbele yangu, akaisogeza meza ndogo inifikie, akasema, "Karibu."

Shemeji, ambaye hakosi la kunena, alikuwa amerudi mkekani anatazama ukili wake.

Nikashika kijiko. Katika ndoa yetu chai hunifikia imeshatiwa sukari, tangu tunakunywa kwenye kopo moja la bati, na hata wasichana wa kazi yeye ndiye aliyewaambia vijiko vingapi. Nikatia kijiko kimoja, nikakoroga, nikaonja. Nikatia chengine. Bado. Sikuwa najua nakunywa na vingapi. Yeye alikaa mkekani mkabala wangu, mikono kaiweka juu ya mapaja, ametulia, ananingojea nitie mpaka itakaponitosha, na hakunisaidia.

Nikainywa yote. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Nikasema nzuri, ahsante. Akasema ahsante kwa unga.

Nilipoinuka na yeye akainuka. Alijitanda kanga kichwani, akavaa viatu, vile vya kutokea si vya uani, tukatoka pamoja. Alitembea kando yangu njia yote ya mchanga baina ya kuta za matumbawe, pale anapokutana na mtu anasalimia na mimi nasalimia, mpaka tulipofika gari ilipo. Mimi sijawahi kusindikizwa na mke wangu. Mume hasindikizwi, mume anatoka tu.

Akanishikia mlango mpaka nikakaa, akaufunga kwa mikono miwili usigonge. Nikawasha. Alisimama pembezoni mwa njia kanga kaishika chini ya kidevu, hakuondoka, akingoja gari igeuke kama adabu inavyotaka. Nilipofika usawa wake nikateremsha kioo.

"Ufike salama," akasema. "Wasalimie nyumbani."

Nikamwambia salamu zitafika.